Kiti Kilicholipiwa

Katika miaka ile ya vita vya shifta, serikali na waasi wa porini, niliogopa vitu vingi, lakini nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa mlango wetu wenyewe. Mlango wa hoteli. Hoteli kwa maana yetu ya Garissa: chumba kimoja cha mabati, mabenchi, jiko la kuni nyuma, na birika ambalo halikupoa tangu alfajiri. Ukiuacha mlango wazi, aliingia yeyote. Aliingia askari kuuliza ni nani aliyekunywa chai hapa jana. Aliingia mtu usiyemjua, mwenye vumbi la mbali miguuni, anayekunywa bila kuuliza bei na kukutazama usoni mpaka ukose pa kuweka mikono. Ukiufunga, ilikuwa hasara. Nyumba ilikuwa ya kupanga, leseni ilikuwa ya kulipiwa, mpishi alikuwa na watoto. Hayo yote yalitaka pesa, wateja wawepo wasiwepo.

Mume wangu alikuwa na jina la jambo hilo. Alikuwa amejiandikisha kusoma uhasibu kwa posta. Masomo yalitoka Nairobi ndani ya bahasha, yakichelewa, na mara nyingi yalifika yamefunguliwa na watu wa usalama, ambao mpaka leo sijui walitafuta nini kwenye hesabu za kiwanda cha viatu. Alisoma chini ya dirisha baada ya swala ya alasiri, kisha akanieleza kwa Kiswahili. Mama yangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, si Msomali, na Kiswahili ndiyo lugha mume wangu aliyonitongozea.

"Zipo gharama za kudumu," alisema, "na zipo gharama zinazobadilika."

Mimi niliziita gharama za mlango na gharama za birika. Kodi na leseni ni za mlango: zinakuja hata usipomimina tone. Majani, sukari, maziwa na kuni ni za birika: usipomimina, hazipo. Alicheka sana, lakini tangu siku ile na yeye akawa anasema mlango na birika.

Kafyu ndiyo iliyotufundisha somo hilo kuliko bahasha. Jua likizama, kila mtu ndani. Wateja wa jioni, wale wa kukaa na kubishana juu ya ngamia na siasa, wakakatika. Birika likapumzika, mlango haukupumzika. Kila siku vikombe vya kwanza vilikuwa vya mwenye nyumba na vya serikali, na vyetu vilianza jua likiwa limeshapanda. Kabla hatujaona faida yake, filimbi ya kafyu inalia. Kila jioni nilisukuma komeo mara mbili, kwa sababu aliyechelewa kufunga hakuulizwa sababu.

Maziwa yetu yaliletwa na shangazi yake mume wangu, dada wa baba yake. Tulimwita eddo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi wa upande huo. Ngamia wao walikuwa kichakani, upande wa barabara ya kwenda Modogashe. Yeye na wanawake wenzake waliondoka huko gizani, maziwa mgongoni katika vyombo vya kusukwa vilivyofukizwa moshi, na ladha ya ule moshi ndiyo iliyowaleta watu kwetu badala ya kwa jirani. Mume wangu aliwahi kupiga hesabu ya maziwa ya kopo, akaona kila kikombe kingetugharimu kidogo zaidi ya nusu ya tulichotumia. Nikamwambia ajiandae kumweleza eddo mwenyewe, na mimi nitakaa pembeni nisikilize. Hesabu ile haikurudi tena.

Mume wa eddo, ambaye kwa heshima tulimwita adeer, yaani baba mdogo, hakukaa kichakani. Ngamia dume alikuwa amemng'ata mguu, na kidonda kikakataa kupona, kwa hiyo alikaa mjini karibu na zahanati. Kila asubuhi alijikokota mpaka benchi la mlangoni kwetu kumngoja mkewe. Chai hakulipa, na hakuna aliyemdai. Alijua Kiswahili cha sokoni, kile cha Wasomali ambacho P hugeuka B, na alipenda kunichokoza nacho.

"Mama ya chai," husema, "nibe chai kabla serikali hajafika."

Ukimwambia maziwa bado, hukunja uso. "Basi. Mimi nangoja bibi, siyo chai."

Na eddo akitokea mwisho wa barabara na mzigo wake, mzee aligeukia upande wa pili, ajifanye hakuwa akitazama. Nilimcheka kwa hilo kila siku.

Lakini sisi sote tulimngoja eddo, na si kwa ajili ya maziwa tu. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Wanawake wa maziwa wakifika, ina maana njia ni njema. Eddo alitua mzigo, akasema "Nabad," yaani ni amani, na mabega ya watu wote waliokuwa ndani yakashuka. Mimi nilikuwa simimini kikombe cha kwanza kabla sijalisikia neno lile.

Katika hali hiyo ndipo mume wangu alipotaka tukuze biashara. Nilidhani amepagawa. Alitaka hoteli ya pili, Modogashe, kwenye njia panda ambapo malori ya Garissa yanakutana na ya Isiolo. Malori hayakuruhusiwa tena kwenda peke yake. Yalingoja msafara wa kusindikizwa na askari, siku nzima na pengine zaidi. Madereva, makuli na wachuuzi wa mbuzi walishinda kwenye kivuli cha magari, hawana kazi, wana kiu.

"Hofu inayotufungia mlango hapa," alisema, "ndiyo itakayotujazia mabenchi kule."

Akanichorea kwa kidole juu ya meza yenye unga wa sukari. Kikombe kikishalipa sukari yake na maziwa yake, kinabakiza kitu kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachokwenda kuulipa mlango. Mlango wa Modogashe ulikuwa mwepesi, kodi yake ndogo, na ikifika adhuhuri tutakuwa tumeshaulipa. Kila kikombe cha baada ya hapo ni chetu. Nilitafuta kosa sikuliona. Hesabu ilikuwa safi, na usafi wake ndio ulioniudhi.

"Na barabara umeiandika wapi?"

"Nauli nimeiweka."

"Sikuulizi nauli. Nakuuliza barabara."

Alijua ninachosema. Mabomu yalikuwa yameanza kuzikwa ndani ya vumbi, pale pale magurudumu yanapopita. Tulikuwa tumeona lori likivutwa kurudishwa mjini, halina uso. Akaniambia bahasha zinafundisha kwamba kila biashara ina hatari, na mtu mwenye akili huipa hatari bei, kisha akaamua.

"Haya, ipe bei tuisikie."

Akaondoka kwenda kutawadha, na wakati wa swala ulikuwa bado.

Kilichonifanya nikubali hakikuwa hesabu. Siku moja mchana askari walituzunguka. Waliwatoa wateja wote nje, wakawaketisha juani mikono kichwani, mume wangu miongoni mwao, na adeer ameunyoosha ule mguu wake mbele akiwa ameuma meno. Ndani walikuwa wakichoma magunia ya sukari kwa singe. Sukari ilimwagika sakafuni, nami nimesimama kando ya jiko na mwiko mkononi, mkojo ukikaribia kunitoka. Mkubwa wao akamwinua mume wangu kwa ukosi.

"Sukari yote hii unalisha nani porini?"

Mume wangu, Mungu amsamehe, akamweleza kwamba ukinunua kwa gunia kila ratili inakuwa nafuu kuliko ukinunua kidogo kidogo. Alimpa mtu mwenye bunduki somo la bei ya jumla! Akapigwa kofi lililomwangusha. Waliondoka na sukari iliyobaki, na walipotokomea adeer alikuwa wa kwanza kusema. "Mama ya chai, mwambie bwana yako, serikali haitaki hesabu."

Hakuna aliyecheka. Usiku ule nilitambua kwamba Garissa nako hakuna usalama ninaoulinda. Nikauza bangili zangu za harusi. Mwenye nyumba ya Modogashe alikuja mjini na msafara, akanywa chai yetu, akapokea arbuni, ile pesa ya kushikia nyumba. Masharti yalikuwa yale ya kawaida: tusipofungua kabla ya mwezi mpya kuandama, nyumba anapewa mwingine na arbuni hairudi. Nilikubali kwa woga, na nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walikuja kunisifu kwamba nilikuwa mke jasiri.

Ikaja asubuhi ya safari. Mume wangu alikuwa amelipia kiti cha mbele, kando ya dereva, kwa kuwa wa nyuma hukaa juu ya mizigo na jua linawamaliza. Masufuria, birika jipya na mabenchi mawili vilikuwa vimeshapakiwa. Lori lilisimama mbele ya hoteli likingoja kwenda kujiunga na msafara. Adeer alikuwa mahali pake mlangoni.

Eddo hakufika.

Mwanzoni tulisema amechelewa. Jua likapanda. Nikatoka mpaka sokoni, na sehemu ya wanawake wa maziwa ilikuwa tupu. Hakuja hata mmoja. Wauza nyama walisimama nyuma ya meza zao wakitazama barabara. Mtu hakuniambia kitu na mimi sikuuliza, nikarudi nikitembea haraka huku najizuia nisikimbie, maana mwanamke anayekimbia mjini siku kama ile anawafanya wengine wakimbie.

"Huendi," nilimwambia mume wangu.

"Msafara una askari mbele na nyuma."

"Maziwa hayakuja."

"Nisipokwenda leo, mwezi unaandama. Arbuni inapotea. Bangili zako zinapotea."

Hapo ndipo hasira zilipoishinda hofu, au zilichanganyika sijui. Ilikuwako bahasha moja aliyonisomea wiki nyingi nyuma, ya mtu aliyenunua mashine mbovu. Alikuwa anaendelea kuitengeneza na kuitengeneza kwa sababu tu alikuwa ameshainunua. Mume wangu alikuwa amemcheka mtu yule mpaka machozi. Pesa iliyokwisha kuzama, alisema siku ile, isiingie kwenye uamuzi wa kesho, kwa sababu hutaipata ukiamua hivi wala ukiamua vile.

"Arbuni imeshazama," nikasema. "Ulinifundisha mwenyewe. Ukienda imekwenda, usipoenda imekwenda. Itoe mezani. Zitoe na bangili. Sasa niambie kimebaki nini."

Akaenda kukaza kamba za mzigo.

"Imebaki chai ya Modogashe upande mmoja na wewe upande wa pili. Piga hesabu hiyo nikuone."

Nikalia, tena mbele ya dereva, na sikuona haya. Mume wangu alitazama birika jipya lililofungwa kamba juu ya mzigo. Kisha akamwambia dereva washushe vitu vyetu. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nikaketi juu ya benchi letu wenyewe, pale pale vumbini lilipowekwa.

Dereva alikuwa na haraka, msafara usimwache. Akauliza habari ya kiti. Nauli hairudi, alisema, hiyo ni desturi ya barabara, na sisi tulijua. Ndipo adeer akainuka kwa fimbo yake. Asubuhi yote hakuwa amechokoza mtu. Alisema kwa Kisomali, taratibu, kwamba atakwenda kumtafuta mkewe, na akashuka ngazi ya mlango akiuburuta ule mguu. Alikusudia kutembea! Asingefika hata mwisho wa mji.

Kwetu kitu kilicholipiwa hakiachwi kiende bure. Ni israfu, na israfu ni dhambi, tumelelewa hivyo. Nyama ikizidi inapelekwa kwa jirani, nafasi kwenye lori ikizidi anapewa jamaa mwenye shida, na mwenye shida alikuwa amesimama mbele yetu. Mume wangu hakufikiri hata kidogo. Angefikiri angekuwa mtu mbaya.

"Adeer, panda. Chukua kiti changu. Wakushushe pale njia ya kambi yenu."

"Bure?"

"Kimelipiwa."

Uso wa yule mzee ulifunguka. "Kiti ya mbele! Mama ya chai, umeona? Leo mimi bwana mkubwa." Nilimshika mkono mimi mwenyewe kumpandisha, mume wangu akiuinua mguu mbovu kutoka chini, pole pole, mpaka ukakaa vizuri ndani. Nikampa mkate kwenye karatasi. Alinivuta ushungi kidogo kwa utani kupitia dirishani, lori likaondoka.

Siku ile tulifanya biashara vizuri kwa chai kavu, isiyo na maziwa. Mume wangu alirudisha masufuria mahali pake na mimi nilikuwa mchangamfu, nilimtania mpishi, niliimba. Kafyu ilipofika nilisukuma komeo mara moja tu. Nilimsikiliza mume wangu akikoroma na nikaushukuru mkoromo.

Asubuhi ya pili gari la askari lilimshusha dereva mbele ya hoteli. Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na masikio yake hayasikii, kwa hiyo alipiga kelele, na mji mzima ungeweza kumsikia.

"Gurudumu ya mbele!" alisema. "Ubande ya kushoto! Mimi nilikuwa kulia. Mzee alikuwa kushoto." Akaonyesha kwa mikono jinsi gari lilivyoinuka. "Tumezika yeye habohabo. Hakukuwa na kitu ya kuleta."

Sikumtazama dereva. Nilimtazama mume wangu, kifua chake, mikono yake miwili, na jambo la kwanza lililopita moyoni mwangu lilikuwa alhamdulillahi. La pili lilikuwa kwamba nimemsikia adeer akisema bwana mkubwa. Mume wangu alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Alisema tu, "Kiti changu," kwa sauti ndogo, na dereva ambaye hasikii akaitikia kwa kichwa.

Dereva alipelekwa hospitali. Mume wangu alitaka kwenda kumtafuta eddo, nikasimama mlangoni nikiwa nimetanua mikono. Nilimwambia sitoki hapo mpaka anipite juu. Hakunipita. Tulikaa ndani, mlango wazi, hatuuzi kitu, na wateja waliofika walitutazama wakarudi zao. Nilikuwa naogopa kila kivuli kilichoingia, na sasa sikuwa naogopa askari wala mtu wa porini.

Alasiri eddo akaja.

Alitokea njia ya nyuma ya nyumba, siyo barabarani, akiwa peke yake, amejaa vumbi mpaka kope. Akatua mzigo wake. "Nabad," akasema, kama kila siku. Kisha akaanza kuomba radhi. Askari waliwazunguka juzi usiku, watu na ngamia, wakawafungia wote ndani ya ua wa miiba, hawakumruhusu hata mwanamke mmoja kutoka, na walipoachiwa leo alikata porini moja kwa moja asikutane na mtu. Akafungua chombo atuonyeshe. Maziwa yalikuwa yameganda. Haya nimeyaleta tu msinione mwongo, alisema.

Ndivyo ilivyokuwa, basi. Maziwa hayakufika kwa sababu ya miiba ya askari. Wanawake hawakujua lolote kuhusu bomu lile.

Eddo alitazama benchi la mlangoni. Akamwuliza mume wangu kwa Kisomali mzee yuko wapi.

"Alikwenda kukutafuta," mume wangu akasema.

"Kwa mguu ule?"

"Hapana. Alipanda lori. Kiti cha mbele."

"Nauli alipata wapi?"

"Kilikuwa kimeshalipiwa, eddo."

Nilingoja mume wangu aendelee. Yeye akainama akakifunga chombo cha maziwa, nami nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Eddo alitutazama mmoja mmoja, na ule uso wake wa vumbi ukalainika. Aliinua viganja vyake viwili, akanigeukia mimi na Kiswahili chake cha sokoni, ili na mimi nishukuriwe.

"Allah awabe kheri," akasema. "Nyinyi mlihurumia ile mguu."

Akaenda akaketi mlangoni, mahali pa mumewe, akaielekea barabara. Akaniomba chai kavu ya kumngojea mzee.